UZI: Kafaulu kozi zote, jina halimo kwenye orodha ya wahitimu. Tuzungumze masharti ya kumaliza shahada ya sanaa

MwalimuWete (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na salamu kwenu nyote.

Kila mahafali yakikaribia hupigiwa simu na wazazi wa huku Pemba, na swali huwa lile lile: "Mwalimu, mtoto kafaulu mitihani yote, mbona chuo kinasema hajamaliza?" Mara hii limetufika ndani ya ukoo. Mtoto wa dada yangu, mwaka wa tatu, Kiswahili na Historia, matokeo mazuri, hana sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Orodha ya wahitimu ikatoka, jina halimo. Kufuatilia, akaambiwa anapungukiwa na kozi moja ya kuchagua upande wa Historia. Mwaka wa pili alichukua kozi ya idara nyengine akiamini itajaza nafasi hiyo. Kozi yenyewe kaifaulu, tena kwa B+, ila haihesabiki mahali ilipokuwa inatakiwa. Nguo ishashonwa, na jamaa wa Unguja washaanza kuuliza siku.

Chuo sitakitaja. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu vijana wetu wengi wanaosoma sanaa, awe yuko SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Chuo Kikuu cha Zanzibar, Sumait pale Chukwani, Chuo Kikuu Huria au kokote Bara, wanaijua ratiba ya vipindi kuliko wanavyoyajua masharti ya kupewa shahada. Ratiba inakwambia wiki hii unaingia wapi. Masharti yanakwambia mwisho wa miaka mitatu utatoka au hutoki.

Nianze na hesabu, maana ndiyo msingi wa yote.

Vyuo vikuu vyote vya Bara na vya huku kwetu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kwa kiwango chao, shahada ya kwanza ya miaka mitatu haiwezi kuwa chini ya krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, ambazo kwa kawaida hugawika 60 kwa kila semista. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Wengi wakisikia saa 10 hudhani ni saa za kukaa mbele ya mwalimu. Sivyo. Mihadhara imo, semina imo, kusoma peke yako maktaba kumo, kuandika kazi za nyumbani kumo, na mtihani wenyewe umo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15 na kozi hiyo moja inakudai saa 8 kila wiki. Krediti 60 ni saa 40 kwa wiki, sawasawa na muajiriwa wa ofisini. Kijana anayesoma Tunguu na huku anashinda dukani Darajani simlaumu hata kidogo, najua hali za majumbani kwetu, lakini ajue anabeba kazi mbili kamili.

Sasa, 360 ni jumla tu, na ndani yake mna mafungu. Liko fungu la kozi za lazima za somo lako. Liko la kozi za chuo kizima, zile kila mtu anasoma hata akiwa anachukua nini: stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo, kompyuta. Liko la kozi za kuchagua, na hili limegawika tena, kwa sababu programu nyingi husema uchague kadhaa kutoka somo lako la kwanza na kadhaa kutoka somo la pili, ndipo ikabaki nafasi ya kuchagua utakako. Wale wa sanaa na ualimu wana kozi za elimu na mazoezi ya kufundisha. Na mara nyingi kuna kazi ya utafiti mwaka wa mwisho. Kila fungu lina idadi yake ya krediti, na krediti za fungu moja hazihamii jengine kwa sababu tu umezipata. Unaweza kuwa na 366 mkononi, juu ya kiwango, na bado hujamaliza. Ndiyo yaliyomkuta mtoto wetu.

Yote haya yameandikwa kwenye prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye programu na kozi zake. Tena ni prospektasi ya mwaka ULIOINGIA chuoni, si ile anayogaiwa mdogo wako mwaka huu. Mitaala hupitiwa upya kila baada ya muda, kozi zinafutwa, zinaunganishwa, misimbo inabadilika. Aliyeingia kabla ya mabadiliko anafuata mtaala wake wa kuingilia, isipokuwa chuo kimemwandikia vyenginevyo. Nimesema kimemwandikia. Kuambiwa koridoni hakumo.

Karibuni tuchangie. Maswali nitayajibu kadiri ninavyojua, na wenye uzoefu wa ofisi za mitihani naomba wasinyamaze.

---

Karafuu21

Mwalimu nakuheshimu sana lakini hapa unawatwisha watoto mzigo wa watu wengine. Chuo kina mkuu wa idara, kina mshauri wa masomo, kina mfumo wa kompyuta. Mtoto kasajili kozi kwenye mfumo na mfumo umekubali. Mshauri kasaini. Miaka inapita, leo ndio wanamwambia hukuchukua kozi fulani? Walikuwa wapi?

---

MwalimuWete

Karafuu21, sehemu kubwa ya maneno yako nayakubali, na sitawatetea walimu wa vyuo kwa hilo. Mshauri anayesaini fomu za wanafunzi mia asubuhi moja bila kuzisoma hajashauri mtu, na hilo wakubwa wa vyuo wanapaswa kulisimamia kwa ukali. Mwanafunzi akigundua kuwa alishauriwa vibaya, na ana fomu yenye saini ya mshauri, basi aandike barua kwa mkuu wa idara na aambatishe ile fomu. Ni ushahidi wake. Kwa hiyo fomu za usajili msizitupe.

Lakini mfumo kukubali kozi hakuna maana unayoipa. Mfumo mara nyingi unaangalia mambo machache: kozi ipo semista hii, idadi ya krediti haijazidi, ada imelipwa. Kozi hiyo inajaza fungu gani la programu yako ni jambo ambalo hukaguliwa mwishoni, pale ofisi ya mitihani inapoandaa orodha ya kupeleka kwenye seneti, baraza la taaluma la chuo. Kutoka mwaka wa pili hadi siku ya ukaguzi ni muda mrefu, na anayeumia hapo katikati si mshauri. Mkopo nao hupangwa kwa miaka ya programu. Semista ya ziada mzazi anaitafuta mwenyewe: ada, chumba, nauli ya boti kutoka Mkoani au Wete. Ndio maana nasema kijana ajikague mwenyewe hata kama mwengine analipwa kumkagua.

---

MtotoWaKojani

Mimi niko mwaka wa kwanza. Hiyo kujikagua inafanywaje hasa? Prospektasi ninayo kwenye simu ila ina kurasa nyingi, nikiifungua macho yanachoka.

---

MwalimuWete

Mdogo wangu, usiisome yote. Tafuta sehemu ya programu yako, huwa kurasa chache tu, uzichapishe. Halafu chukua daftari la kaunta, fungua kurasa mbili zinazotizamana, upige mistari. Safu ya kwanza msimbo na jina la kozi. Ya pili krediti. Ya tatu fungu: lazima, chuo kizima, kuchagua somo la kwanza, kuchagua somo la pili, elimu, huria. Ya nne semista unayoichukua. Ya tano daraja ulilopata, kwa peni, siku matokeo yanapotoka rasmi.

Ukimaliza kuandika kozi za lazima za miaka yote mitatu, utaona wazi nafasi zilizobaki tupu. Hizo tupu ndizo kozi zako za kuchagua. Ziandikie kwa penseli unazozifikiria, nenda nazo kwa mshauri, muulize moja moja: "Hii inahesabika kwenye fungu hili kwa programu yangu?" Akisema ndiyo, mwombe aweke saini ubavuni. Wapo watakaoshangaa. Mwache ashangae, saini ataweka.

Jengine ambalo wa mwaka wa kwanza hawalijui: kozi nyingi zina kozi tangulizi. Kwenye Kiswahili huwezi kuruka kwenye sintaksia (muundo wa sentensi) hujapita utangulizi wa isimu, yaani elimu ya lugha, na kwa kawaida fonolojia (sauti) na mofolojia (maumbo ya maneno) ziko njiani. Sasa ukianguka utangulizi wa isimu na sapu nayo ikakushinda, usihesabu umepoteza kozi moja. Kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka. Iliyo ya semista ya kwanza utaisubiri hadi semista ya kwanza ya mwakani, na zile zinazoifuata zote zinasogea nayo. Nimeona kijana aliyekeri (aliyebeba kwenda nayo mwaka wa mbele) kozi moja ya mwaka wa kwanza ikamtoa mwaka wa nne. Kwa hiyo kama una nguvu kidogo za kugawa wakati wa mitihani, zipeleke kwanza kwenye kozi ambazo nyengine zinazisubiri.

---

BintiKikae

Mwalimu mimi wa Makunduchi, nasoma Kiswahili mwaka wa pili. Nimekuja chuo kwa ajili ya fasihi. Napenda ushairi, napenda tamthiliya. Naambiwa isimujamii ni lazima, lahaja ni lazima, historia ya lugha ni lazima. Kwa nini nisiruhusiwe kujaza krediti zangu kwa fasihi tupu? Si ndiyo shahada yangu?

---

MwalimuWete

Binti, swali zuri na nitakaa nalo kidogo, maana hili nalipenda.

Shahada ya Kiswahili inampa mtu haki ya kusimama mbele ya watu na kusema naijua lugha hii, sio kusema nawajua washairi wake. Fasihi bila isimu inakuacha unasifu ushairi usiojua mizani yake imejengwa na silabi gani, na silabi ni fonolojia. Ukija kufundisha kidato cha tatu, mtoto atakuuliza kwa nini tunasema "mtu" na "mwalimu" na si "mualimu", na hapo utamjibu kwa mofolojia na fonolojia, hutamjibu kwa tamthiliya.

Na wewe wa Makunduchi ndiye wa mwisho kulalamikia lahaja! Mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa ilikubaliwa Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kulisimamia hilo. Tangu hapo lugha ya skuli, ya vitabu na ya redio ikafuata njia hiyo. Kikae chenu, Kitumbatu, na Kipemba chetu vikabaki majumbani, mashambani na baharini. Kikae kina viambishi vya nafsi na maumbo ya vitenzi ambavyo mtu wa mjini anavisikia hajui aanzie wapi. Wewe umenyonya navyo. Wenzako wa Bara wanaoandika utafiti wa lahaja wanatafuta nauli, wanatafuta mwenyeji, wanatafuta mtu wa kuwatafsiria. Wewe unakwenda kwa bibi yako Ijumaa.

Kama programu yenu ina kazi ya utafiti mwaka wa tatu, ushauri wangu ni huu: chagua jambo linaloshika fasihi na lahaja kwa pamoja. Nyimbo za Mwaka Kogwa, ile sherehe yenu ya mwaka mpya, kwa mfano. Lugha yake, mafumbo yake, nani anaimba na nani anajibu. Hapo unapata fasihi simulizi unayoipenda, na ile kozi ya lahaja unayoiona mzigo inakuwa ndiyo nyenzo ya kazi yako. Krediti za kuchagua zikibaki, hizo jaza fasihi zote, hakuna atakayekuzuia.

---

BintiKikae

Mwaka Kogwa sikuwahi kuufikiria hivyo. Ahsante sana mwalimu. Bibi yangu ni mmoja wa waimbaji.

---

AmiMicheweni

Mimi mzazi, nisameheni kama nauliza jambo la chini. Kijana wangu ana GPA (wastani wa pointi) ya 3.4 na rafiki yake ana 3.6, wanasema mmoja ni wa chini na mwengine wa juu. Nilipotizama matokeo yao ya semista, madaraja yanafanana: A moja, B+ mbili, B mbili, C moja, kila mmoja. Imekuwaje? Nilitaka kwenda chuo kuuliza.

---

MwalimuWete

Ami, si jambo la chini, na usipoteze nauli kwanza. Inawezekana kabisa na chuo hakijakosea.

Madaraja yana pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Lakini pointi hizo huzidishwa kwanza kwa krediti za kozi, ndipo jumla ikagawiwa kwa krediti zote. Kozi kubwa inavuta zaidi kuliko ndogo. Chukua mfano wa semista ya krediti 60, kozi tatu za krediti 12 na tatu za krediti 8.

Mwanafunzi wa kwanza: fonolojia, krediti 12, kapata A, pointi 60. Fasihi simulizi, 12, B+, pointi 48. Historia ya Afrika Mashariki, 12, B, pointi 36. Masomo ya maendeleo, 8, C, pointi 16. Stadi za mawasiliano, 8, B, pointi 24. Falsafa ya elimu, 8, B+, pointi 32. Jumla 216. Gawa kwa 60, unapata 3.6.

Wa pili ana madaraja yale yale, ila ile A kaipata kwenye masomo ya maendeleo na ile C kaipata kwenye fonolojia. Basi fonolojia inampa 24 badala ya 60, na maendeleo inampa 40 badala ya 16. Jumla yake ni 204. Gawa kwa 60, 3.4.

Na mpaka unapita hapo hapo. Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0. Daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3. La pili la chini ni 2.7 hadi 3.4. Ufaulu wa kawaida ni 2.0 hadi 2.6, na chini ya 2.0 hakuna shahada. Kwa hiyo madaraja sawa, mmoja yuko juu ya mpaka na mwengine chini yake.

Lakini ami, hiyo ni semista moja tu. Shahada inahesabiwa kwa kozi zote za programu, na kijana wako ana nafasi ya kupanda. Mwambie tu asizipuuze kozi zenye krediti nyingi kwa sababu ni ngumu. Na ajue kuwa vyuo vingi mtu akifaulu kwa sapu hupewa C hata akipata alama 80. Sapu inakuokoa usikeri, GPA haikuokolei.

---

AmiMicheweni

Nimeelewa kabisa. Mwalimu Allah akulipe. Nimechukua kikokotoo nikafanya mwenyewe, imetoka hivyo hivyo.

---

Mgeni_wa_Nile

Niongezee la kwetu. Mimi nilikuwa Khartoum, nasoma lugha ya Kiarabu na fasihi yake. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vikatutoa, tukarudishwa nyumbani. Nilikuwa nishamaliza zaidi ya nusu. Nikaenda chuo hapa nyumbani nikitaraji kuendelea mwaka niliofikia, nikaambiwa wananipokea lakini nyuma kuliko nilivyotaraji. Kuna wenzangu wamekata tamaa na sasa wanafanya biashara. Je, ni haki?

---

MwalimuWete

Pole sana ndugu yangu. Nyinyi mmepita mtihani ambao haumo kwenye prospektasi yoyote, na naumia kusikia wenzako wameacha.

Chuo kinachopokea hakilinganishi mwaka kwa mwaka. Kinalinganisha kozi kwa kozi. Wewe unasema "nilikuwa mwaka wa tatu", wao wanauliza: kozi gani, saa ngapi, ilifundisha nini, na kwetu inafanana na ipi. Transkripti peke yake haijibu hayo, kwa sababu inaonesha jina la kozi na alama tu. Kinachokusaidia ni maelezo ya kozi, yale ya mada kwa mada. Anayekwenda na transkripti tu hupewa anachopewa. Anayekwenda na maelezo ya kozi kamili, yaliyofasiriwa kwa Kiingereza na mfasiri anayetambulika, ana cha kuzungumza.

Chuo chenu cha kule kikiwa hakina ofisi inayofanya kazi, tafuteni ninyi kwa ninyi. Katika kundi lenu hakosi mtu aliyehifadhi kijitabu cha idara kwenye simu au barua pepe. Kikusanyeni, mkipeleke kwa pamoja, na muombe idara iwatizame kama kundi, si mmoja mmoja. TCU nayo ina kazi ya kutambua masomo na tuzo za nje, kwa hiyo barua yao ni muhimu kabla hujafika mbali.

Kuna kozi hutakubaliwa hata ufanyeje. Zile za chuo kizima, kama masomo ya maendeleo, aghalabu utazifanya hapa. Na chuo kitakachoweka jina lake kwenye cheti chako kitataka sehemu ya shahada uifanye kwake. Hapo naona wana haki. Ila kumkataa mtu kozi ya nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu aliyoisoma Khartoum kwa sababu tu msimbo haufanani, hapo sioni haki, na ukiona hivyo kata rufaa kwa maandishi. Usikubali jibu la mdomo.

---

Skuli_ya_Chake

Mimi nimemaliza sanaa na ualimu juzi juzi. Msisahau mazoezi ya kufundisha! Hii ni kozi kamili, ina krediti, na bila ya hiyo hutoki. Nilipangiwa skuli ya sekondari huku huku Pemba. Kuna mwenzetu alifundisha vizuri mno, wanafunzi walimpenda, mkaguzi kaja kakaa nyuma ya darasa katoka kafurahi. Lakini faili lake halikukamilika. Azimio la kazi lilikuwepo, maandalio ya somo yalikuwa ya wiki za mwanzo tu, shajara ya somo hakuijaza. Alama yake ikazuiliwa.

---

MwalimuWete

Ahsante kwa kulileta. Sisi tunaopokea wanafunzi wa mazoezi tunaliona kila mara. Kijana anafundisha kwa moyo, karatasi hataki kuzigusa. Andalio la somo liandikwe usiku wa kuamkia kipindi, na shajara ijazwe siku hiyo hiyo kabla ya kutoka skuli. Ukiliacha mpaka wiki ya mwisho utaandika uongo, na mkaguzi mzoefu anaujua wino mmoja wa siku moja. Na mwalimu mkuu akusainie palipo na nafasi ya saini yake kabla skuli haijafungwa. Wengi wanarudi chuoni, ndipo wanakumbuka muhuri.

Papo hapo niseme na la koswek, yaani kazi za semista. Vyuo vingi vina alama 40 za kazi za semista na 60 za mtihani wa mwisho. Mtu akifanya mtihani na koswek yake haikuingizwa, matokeo ya kozi hiyo yanabaki hayajakamilika, na kozi isiyokamilika haihesabiki kwenye 360. Kazi zenu zilizosahihishwa msizifungie maandazi. Zihifadhini mpaka siku mtakayoshika transkripti.

---

Karafuu21

Swali la mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita: ana D mbili za masomo ya sanaa na S moja. Anaweza kuingia?

---

MwalimuWete

Kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango cha prinsipo (A hadi E, S haifiki hapo) wenye jumla ya pointi 4, na D ni pointi 2. D mbili zinafika, kwa sharti ziwe kwenye masomo yanayotakiwa na programu anayoomba. Chuo kinaweza kudai zaidi ya hapo. Aliyepita njia ya stashahada, kiwango ni GPA ya 3.0. Na atizame mbele: masomo aliyofaulu kidato cha sita ndiyo yatakayoamua somo lipi la kufundishia atapewa chuoni. Asije akaingia kwa Historia na Kiswahili halafu mwaka wa kwanza akaomba Jiografia.

---

MtotoWaKojani

Nimerudi. Nimefanya daftari jana usiku na wenzangu wawili wa chumba. Mmoja wetu yuko mwaka wa pili, na tumegundua kozi zake mbili za kuchagua za semista hii zote zimeangukia somo la kwanza, wakati prospektasi yake inataka moja iwe ya somo la pili. Afanye nini? Semista imeanza wiki iliyopita.

---

MwalimuWete

Mashaallah, mmefanya kazi. Kesho asubuhi aende idarani na kurasa zake za prospektasi na hilo daftari. Usajili wa kozi huwa una dirisha la kuongeza na kutoa kozi mwanzoni mwa semista, na likifungwa mlango wa kubadilisha ni mgumu. Aombe fomu, aitoe moja, aingize ya somo la pili, apate saini za idara zote mbili. Kisha afungue akaunti yake kwenye mfumo na ahakikishe kozi mpya imeonekana na ya zamani imeondoka. Akiiacha ya zamani na asiingie mtihani, anaweza kuhesabiwa kaanguka. Achukue nakala ya fomu.

Akikuta idara moja inamrushia nyengine, nitumie ujumbe, kuna mtu wa ofisi ya usajili namfahamu atamuelekeza dirisha la kuingilia.

---

MtotoWaKojani

Nimemuonesha ujumbe wako. Anasema atakuwa mlangoni saa mbili kamili.